Nilimdanganya mkwe mtarajiwa kuwa tumbo linaniuma, ikabidi nimpikie birria kwa mkono wangu

Wakuu, amani ya Mungu iwe juu yenu, wa kuswali na wa kusali.

Mimi ni mzee wenu Juma, wa miaka sabini na moja. Humu nasoma zaidi kuliko kuandika. Leo naandika, na yote ni ya kweli. Pale nilipofanya vibaya nitasema nilifanya vibaya, maana uzi wenyewe unahusu uongo, na itakuwa aibu kuusimulia kwa uongo mwingine.

Kwanza mnijue.

Nimefundisha watoto Kurani huko Kondoa kwa miaka mingi. Pia nilikuwa pishi wa shughuli. Harusi, khitma, akika, nikiitwa nakwenda na mwiko wangu mrefu begani. Sufuria ya kulisha watu mia nne haikunitisha.

Mke wangu alipotangulia mbele ya haki, kitinda mimba wangu Rama akanileta huku Texas. Tunakaa Lewisville, apartment ya vyumba viwili, ghorofa ya pili. Yeye yuko maabara ya hospitali. Alhamdulillahi, ninakula, ninalala, ninaswali bila bughudha. Sina ninalomdai Mola wangu.

Rama amempata binti anaitwa Marisol. Ni nesi, Mkristo, asili yake Mexico. Dini yetu haikatazi, na binti mwenyewe ana adabu. Akiingia tu mlangoni ni "shikamoo Baba," hata kama amebeba mizigo mikono yote miwili.

Baba yake alishafariki. Amebaki na mama, anakaa Houston. Na binti alisema mapema, mbele yangu, kwamba bila baraka za mama yake haolewi.

Nikampenda zaidi kwa neno hilo. Sikujua kwamba ndilo litakalokuja kunikosesha usingizi.

Basi miezi michache nyuma tuka-drive mimi na Rama hadi Houston kujitambulisha. Marisol alikuwa ametangulia. Mama Marisol ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, nywele amezifunga nyuma, macho hayatulii. Anajua Kiingereza cha dukani tu, kama mimi. Alikuwa amepika siku mbili nzima kwa ajili yetu.

Alichopika kinaitwa birria. Kwa msiokijua, ni nyama ya ng'ombe yenye mifupa, inapikwa taratibu kwa saa nyingi kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili kavu, mpaka inachambuka yenyewe. Kisha wanachukua tortila, yaani vile vichapati vyao vya mahindi, wanavichovya kwenye mafuta yanayoelea juu ya mchuzi, wanavichoma kwenye bamba la chuma, wanajaza nyama na jibini, wanakunja. Hiyo ndiyo taco. Unakula ukichovya kwenye bakuli la mchuzi wake.

Wakuu, harufu ile ilinifika moyoni. Mimi ni mtu wa nyama.

Lakini nikamnong'oneza Rama kwa Kiswahili: "Nyama hii imechinjwaje?"

Akaniambia, "Baba, sijauliza. Nitaulizaje sasa hivi sahani ziko mezani?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa na mlango wazi wa kusema, "Mama, mimi nina utaratibu wangu wa nyama, naomba uniwie radhi, nipe wali na maharage." Ingeisha. Badala yake nikaona haya. Nikashika tumbo langu, nikakunja uso, nikasema kwa Kiingereza changu kwamba tumbo linauma sana.

Mimi. Mwalimu niliyewachapa watoto kwa kusema "nimesahau juzuu nyumbani" na kumbe hawakuhifadhi.

Na yule mama aliniamini.

Aliacha chakula chake kikapoa. Akaingia jikoni akanichemshia maua makavu ya manjano, wanayaita manzanilla, dawa yao ya tumbo. Akanisimamia mpaka nikamaliza kikombe. Akachemsha cha pili. Akaniletea mto wa kuegemea. Tulipoaga, akanifungia maua yale kwenye mfuko wa karatasi, akamwelekeza Rama jinsi ya kunichemshia.

Njia nzima ya kurudi Lewisville nilikuwa nimepakata ule mfuko.

Nilidhani limepita.

Wiki mbili baadaye Marisol alikuwa anaongea na mama yake kwa simu kuhusu chakula cha harusi. Akasema bila ubaya wowote, nyama itabidi ichinjwe Kiislamu, Baba hali nyingine. Mama akauliza, "Kwa hiyo siku ile hakuwa mgonjwa?"

Marisol naye si mtu wa kudanganya.

Jibu la mama nililetewa kama lilivyo: "Kutokula hakuniudhi. Kila mtu ana Mungu wake wa kumtii. Ameniudhi kuniacha nimuuguze mtu asiyeumwa. Nyumba inayoficha jambo dogo kama nyama, itamficha binti yangu mangapi?"

Na baraka akaziweka kando.

Wakuu, jaribuni kuwa mimi. Mwanangu anaingia kutoka kazini, anakaa sebuleni na koti lake, hawashi hata TV. Hanilaumu. Laiti angenilaumu. Marisol akija ananiamkia vizuri kama kawaida, lakini macho yamevimba.

Nikaomba nimpigie mama simu, niombe radhi. Akakataa. Akasema neno lililovunjika mezani liungwe mezani. Akasema anakuja Carrollton kwa dada yake, Jumamosi mchana anaweza kupita kwetu.

Nikamwambia Rama, "Nitampikia birria. Kwa nyama yangu niliyoinunua mwenyewe."

"Baba!"

"Nini?"

"Umpikie mama wa Kimexico birria? Ni sawasawa yeye aje kukupikia pilau wewe."

"Akija nitakula."

"Utakula, ila utasema moyoni."

Kweli ningesema moyoni. Lakini nilishaamua.

Nyama nilipata bucha la halali huko Carrollton. Mguu wenye mfupa na mbavu, na muuzaji akanithibitishia uchinjaji. Pilipili na tortila nikapata duka la Wamexico. Tortila nilimuuliza mama wa pale mara mbili kama zina mafuta ya nguruwe. Akasema mahindi, chokaa ya kulainishia mahindi, maji, basi. Mnaona? Dukani ulimi ulikuwa mwepesi. Kwa mkwe ndio ulikuwa mzito.

Pilipili zenyewe ni kubwa, zimekauka, zimekunjamana kama tende kuukuu. Haziwashi sana, zinatoa rangi na ladha. Marisol alinielekeza kwa voice message: toa mbegu, zipitishe kwenye kikaango, hesabu mpaka kumi na tano tu, geuza, toa, loweka, saga na nyanya, kitunguu saumu, mdalasini, karafuu na binzari nyembamba.

Nikacheka peke yangu. Mtu aliyekaanga viungo vya shughuli za Kondoa anahesabiwa sekunde kama mtoto wa chekechea?

Nimeshasema nitasema pale nilipofanya vibaya. Hapo.

Jumamosi nilianza baada ya Alfajiri. Nilipoweka pilipili kwenye kikaango nilifanya tulivyozoea: kiungo kikavu hukitoi mpaka kibadilike rangi na harufu ijae nyumba. Zikabadilika rangi. Zikaendelea kubadilika. Moshi ukapanda, mkali unaokaba koo, na king'ora cha moshi kikaanza kulia.

Mlango ukagongwa. Ni jirani yetu Mama Njeri, nesi Mkenya, ametoka shift ya usiku, bado na uniform.

"Mzee, unapika ama unachoma nyumba? Mimi nataka kulala!"

Akachukua sinia akasimama juu ya kiti, akapepea king'ora mpaka kikanyamaza. Kisha akachungulia kikaango.

"Hizi ni pilipili ama ni makaa?"

"Ni viungo vya Mexico, mama. Ndivyo vinavyokaangwa."

"Haya. Wewe ndio pishi. Lakini Mzee, huyo mama akikimbia, usiseme sikukuambia."

Nikasaga zile pilipili hivyo hivyo. Nikamwaga kwenye nyama, nikafunika, moto mdogo.

Sasa kuna jambo lazima niwaeleze. Kwetu pishi wa shughuli haonji. Kuonja kabla wageni hawajala tuliona ni utovu wa heshima, na pia ni dalili ya pishi asiyejiamini. Unafunua, unainamia mvuke, unanusa. Chumvi ikipungua pua inajua. Marehemu aliyenifundisha kazi alikuwa ananusa sufuria akiwa amefumba macho na anakuambia ongeza konzi moja, na hakosei.

Basi nami nikawa nafunua, nanusa. Lakini nyumba nzima ilikuwa inanuka moshi. Pua yangu ilikuwa imeshazibwa tangu asubuhi. Nikanusa, nikasema imekaa sawa.

Saa sita mchana Rama akaamka, akachovya kipande cha mkate kwenye mchuzi.

Nilikuwa namwangalia. Aliacha kutafuna.

"Baba, hebu onja."

"Pishi haonji."

"Baba. Onja."

Nikaonja. Wakuu, ilikuwa chungu. Si kuwasha, ni uchungu, kama umelamba shubiri. Uchungu unaokaa nyuma ya ulimi na hauondoki hata kwa maji.

Saa nane mgeni anafika.

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Nimepika zaidi ya miaka thelathini, sijawahi kuharibu sufuria. Naharibu leo.

Rama akavaa viatu. "Baba, usijali. Kuna mgahawa wa halali hapa chini wanauza birria. Nakimbia nanunua, tunamwaga hii, tunaweka ile kwenye sufuria yako. Nani atajua?"

Sitawadanganya, nilitamani. Nilifikiria sura ya Marisol. Nilifikiria kwamba nia ni njema, na nyama itakuwa halali, na mama atafurahi, na vijana wataoana. Shetani akitaka kumwingia mwalimu hamletei hoja za kipumbavu.

Nikamwambia, "Ngoja niswali kwanza."

Niliswali Adhuhuri vibaya sana, Mola anisamehe. Nimesujudu, akili iko kwenye sufuria. Lakini nilipotoa salamu jambo moja lilikuwa limeshanyooka kichwani. Mama huyu anakuja nimtake radhi kwa uongo. Nitamtaka radhi juu ya uongo mwingine?

"Vua viatu," nikamwambia Rama. "Tutakula hii hii."

"Baba, na akikasirika?"

"Akasirikie kitu cha kweli."

Nilijitahidi kuokoa. Nikatoa nyama yote, nikaisuuza kwa maji ya moto. Zilibaki pilipili tano ambazo sikukaanga, nikaziloweka, nikazisaga na nyanya nyingi, nikachanganya na kikombe kimoja tu cha ule mchuzi wa zamani, maana ndimo ilimokuwa nguvu ya mifupa. Uchungu ukapungua. Haukuisha. Na safari hii nilionja, tena mara sita. Lakini ulimi nao ulishachoka, sikujua tena ninaonja nini.

Marisol na mama yake walifika saa nane kasoro. Mama Marisol amevaa gauni la bluu, mkoba mkubwa ameukumbatia kifuani. Akanipa mkono, akasema, "Don Juma." Don ni kama sisi tunavyosema mzee. Hakutabasamu.

Wakakaa. Nikachoma taco mwenyewe, nikapanga kwenye sinia, vitunguu na giligilani juu, ndimu pembeni, kila mtu na bakuli lake la mchuzi. Katika kumimina, mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa cha meza.

Aliponyoosha mkono kuchukua ya kwanza nikasema, "Mama, subiri kidogo."

Nikasema kwa Kiswahili. Rama akageuza kwa Kiingereza, Marisol akageuza kwa Kihispania. Toba yangu ilipita vinywa vitatu kabla ya kumfikia mwenyewe.

Nikasema: "Siku ile tumbo halikuniuma. Niliona haya kukuambia kwamba nyama yetu ina utaratibu wake, nikasema uongo, nawe ukaniuguza. Dini yangu haikunituma uongo huo, ni mimi mwenyewe. Mwanangu hakunifundisha, ni mimi. Naomba radhi. La pili, mchuzi huu nimeuharibu. Nimeunguza pilipili. Umekuwa mchungu. Tungeweza kununua kwingine tukakuletea, lakini nimeona nikupe wangu na ukweli wake."

Marisol alipofika kwenye mchuzi alirudia mara mbili.

Mama akaniangalia. Kisha akachukua taco, akaichovya mpaka kwenye vidole, akauma.

Akatafuna. Taratibu sana.

Akameza, akauliza kitu. Marisol akatafsiri: "Anauliza, ulizikaanga mpaka zikatoa moshi?"

"Ndiyo."

"Anauliza, mpaka king'ora kikalia?"

Rama akadakia, "Kililia, hata jirani alikuja."

Mama akasimama. Nikajua anaondoka. Wallahi niliona harusi ya mwanangu inatoka na lile gauni la bluu. Lakini hakwenda mlangoni. Aliingia jikoni kwangu, akafunua sufuria, akainama, akanusa akiwa amefumba macho.

Wakuu, nilishtuka. Ndivyo alivyokuwa akifanya marehemu mwalimu wangu wa mapishi.

Halafu akachukua kijiko akaonja, akanitazama kwa mshangao, akasema neno moja ambalo hata mimi nililielewa: "¡Sal!"

Chumvi. Hata chumvi nilikuwa sijafikisha.

Akaweka chumvi, siki kidogo, sukari kidogo mno ya ncha ya kijiko. Akakoroga. Akanipa nionje. Uchungu ulikuwepo bado, lakini sasa ulikuwa umekaa mahali pake, kama kahawa.

Tukala. Alikula taco tatu. Mimi nilikula mbele yake nne, kila moja akiihesabu kwa macho.

Tulipomaliza akamnong'oneza Marisol, Marisol akaona haya, akamjibu kwa kunong'ona. Mama akanigeukia, akagonga tumbo lake kwa vidole viwili, akaniuliza kwa Kiswahili alichofundishwa sekunde ile ile:

"Don Juma. Tumbo?"

Nikajibu ukweli. "Leo linauma, mama. Tangu asubuhi. La wasiwasi."

Ilipotafsiriwa alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa kilichomwagikiwa mchuzi. Akavuta mkoba wake mkubwa, akatoa mfuko wa karatasi. Maua ya manjano.

Alikuwa amekuja nayo kutoka Houston. Na kwa kuwa ni siku ya kusema kweli, naye alisema yake: alikuja nayo ayaweke mezani mbele yangu, anitahayarishe mbele ya mwanangu, kisha aondoke.

Akaenda kuyachemsha. Vikombe viwili, changu na chake.

Huku tunakunywa akamwambia binti yake maneno, na Marisol akaweka mikono usoni akalia, Rama naye akageukia dirishani. Mimi nikauliza jamani amesema nini, hakuna wa kunitafsiria. Baadaye ndipo nikaambiwa. Alisema: "Safari ijayo mje Houston, nyama alete Don Juma, pilipili nikaange mimi. Na tupange harusi."

Kuna mkuu nitamjibu kabla hajauliza: ndiyo, Mama Njeri alipelekewa taco mbili. Alisema zinafaa kwa dawa.

Nilichojifunza si kingi. Imani haikunitia aibu siku ile Houston, nilijitia mwenyewe. Ukweli wa mwanzo ungemaliza jambo kwa sentensi moja, ukweli wa kuchelewa umenigharimu mwezi mzima wa hofu na kilo tatu za nyama. Na mwenye kujua kitu chake akikuambia hesabu mpaka kumi na tano, hesabu mpaka kumi na tano.

Namshukuru Mungu aliyeniacha niunguze mchuzi. Ungekuwa mtamu, huenda ningejisifu.

Sasa nanyi niambieni. Yuko aliyewahi kukataa chakula cha wakwe, na alisema nini? Na wenye uzoefu wa barabara ya Houston, nyama ya mguu kilo nne kwenye box la barafu inafika salama au niigandishe kwanza? Tunaondoka Ijumaa baada ya swala, na safari hii sitaki kubahatisha.